Aliyelala Ukingoni

Egwang hakuwa na meno ya mbele ya juu. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na cheti chochote ila kile cha ngumbaru, ambacho mchwa walikula pembe moja wakamwachia jina. Hakuwa na miwani yake mwenyewe. Alipotaka kusoma aliazima ya mkewe Nerima, na ilimbana masikioni. Hakuwa na shamba linalogusa barabara, kwa kuwa upande ule ulikuwa wa kaka yake Olinga. Na kwa miaka mitatu hakuwa na kaburi aliloahidi kulitunza.

Hilo la mwisho tulilijua sisi majirani wote wa Malaba. Waliopaswa kulijua walikuwa Ulaya, kwenye pwani yenye barafu, na kila Januari walipokea barua ya Egwang iliyowaambia kwamba kaburi liko sawa na maua yamechanua.

Mambo yalianzia kwenye visima. Miaka ya themanini ulikuja mradi wa maji wa Wafini, watu wa Ufini, na Egwang akaajiriwa kuchimba. Baadaye akawa nyapara wa kikosi chake. Fundi wake alikuwa mzungu mrefu mwenye mikono mekundu, jina lake Runar. Mchana walikaa juu ya pete za saruji zilizongoja kushushwa kisimani, wakala mahindi ya kuchoma, na Runar akajifunza Kiswahili kwa kukivunja.

"Wewe ni Mfini," Egwang alimwambia siku moja. "Mbona ukiongea na mama watoto, wenzako hawakuelewi?"

"Mimi Mfini kweli. Lakini nyumbani sisi nasema Kiswidi. Kijiji yote nasema Kiswidi. Ndugu wa lugha yangu wako ng'ambo ya maji, nchi ingine."

Egwang alicheka mpaka punje ya hindi ikamruka mdomoni. "Basi wewe ni Mteso! Mimi Mkenya, na ndugu wa lugha yangu wako ng'ambo ya mto, Uganda."

Tangu siku hiyo walikuwa marafiki. Runar alimsimulia habari za kwao, wilaya ndogo ya pwani iitwayo Storgrund, yenye watu wachache kuliko soko la Amagoro siku ya mnada. Alisema watu wa kwanza walifika kwa mashua kutoka magharibi, wakiwinda mnyama wa baharini aitwaye sili na kuvua samaki wa kutia chumvi. Walijenga vibanda vya msimu. Masika wanakuja, baridi ikianza wanarudi. Hata mwaka mmoja mtu mmoja na mkewe hawakurudi, wakakaa baridi yote, na hiyo ndiyo ikawa nyumba ya kwanza. Waliokuja nyuma walikuta mashamba yamekwisha, wakapewa miamba ya ukingoni ambapo palitosha kuanika nyavu tu.

"Lakini nchi yetu napanda," Runar alisema, akiinua kiganja polepole. "Kila mwaka kidogo. Bahari narudi nyuma. Mtu nazaliwa karibu na maji, nakufa maji iko mbali. Mwamba nakuwa kisiwa, kisiwa nakuwa shamba. Watu wa ukingo, leo wao ndio iko na majani mazuri ya ng'ombe."

Egwang aliyashika maneno hayo. Alikuwa mtu wa kushika maneno. Kusoma alikujua akiwa na miaka arobaini, jioni, katika darasa la ngumbaru, na kila jambo lenye asili na mwaka alilipenda kama wengine wanavyopenda nyama. Naye akamsimulia Runar jinsi babu yake alivyovuka mto Malaba na mbuzi wanane kabla mpaka haujachorwa, akalala chini ya mti ambao leo ni kisiki, na jinsi kila kaburi ndani ya boma lao lilivyo ushahidi wa nani alitangulia.

Runar alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Gunvor. Mdogo, wa miaka sita, aliitwa Siv, nasi tukamwita Sivi. Huyo Sivi alishinda kwa Nerima kutwa nzima. Alikula ugali kwa mkono, alibeba mwanasesere mgongoni kwa kanga, na aliwatukana kuku kwa Kiteso safi.

Alikufa mwaka wa themanini na tano, kwa malaria iliyopanda kichwani. Siku mbili tu.

Mama yake, Elin, alikataa kumpeleka kwao kwa ndege. Alisema mtoto wake hatasafiri kama mzigo. Alale pale alipokuwa akikimbia. Basi Egwang akasimama mbele ya Runar, akasema, "Atalala kwangu. Nitamtunza." Wakapeana mkono.

Lakini boma halikuwa la Egwang peke yake. Wazee walikaa, na Olinga, kwa kuwa ndiye mkubwa, alisema la mwisho.

"Mgeni hazikwi ndani ya boma. Akizikwa ndani, kesho watoto watauliza ni wa ukoo gani. Mtamjibu nini? Ukoo wa pampu?"

Watu wawili watatu walicheka kwa pua. Egwang alitaka kusema kwamba mtoto huyu alikula chungu kimoja nao, na kwamba anayekula chungu kimoja nawe ana ukoo. Hakusema. Alitazama miguu yake. Sivi akazikwa nje ya ua wa minyaa, ukingoni kabisa, upande wa barabara.

"Hapa ni pahali nzuri?" Runar aliuliza. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Hapa ni mahali pa heshima," Egwang alijibu. "Hapa ndipo mgeni anapopokelewa."

Runar aliitikia kwa kichwa polepole. "Ukingo," alisema. "Vizuri. Ukingo nakua."

Familia ile iliondoka mwaka wa themanini na nane. Egwang alipalilia kaburi, akapanda maua mekundu, na kila Desemba akaandika barua. Miaka mitano aliandika ukweli.

Mwaka wa tisini na tatu magari ya mizigo yalizidi mpakani. Foleni ilianza darajani ikapita kwetu, na madereva walilala chini ya matela siku tatu, nne. Egwang alikuwa Moding, akichimba kisima cha kanisa, na hakurudi nyumbani kwa majuma matatu. Aliporudi, hakuona ua wa minyaa. Aliona moramu nyekundu, imesawazishwa na kushindiliwa, na juu yake magari kumi na moja yameegeshwa. Olinga alikuwa ameuza ukingo wote kwa mfanyabiashara wa maegesho.

"Sivi yuko wapi?" Egwang aliuliza.

Olinga alikuwa akinyoa ndevu kwa kioo kidogo, na hakugeuka. "Nani?"

"Kaka, usinifanye mjinga. Mtoto yuko wapi?"

"Greda ilipita siku ya Jumanne. Mimi niliuza ukingo, sikuuza boma. Je, kuna mtu wetu aliyelala pale? Nionyeshe mmoja."

Egwang hakuweza kumwonyesha. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko greda. Kama miaka minane nyuma angefungua mdomo, kama Sivi angelazwa ndani, kando ya mama yao, hakuna greda duniani ambayo Olinga angeiruhusu kupita pale. Makaburi ya ndani hayaguswi. Ukingo wa kwa kina Runar hupanda, ukingo wa kwetu huliwa.

Desemba ile alikaa na karatasi siku nne. Mwishowe akaandika kwamba kaburi liko sawa na maua yamechanua. Mwaka uliofuata akaandika hivyo hivyo, na mwaka mwingine tena.

Basi Oktoba ya tisini na sita ikafika barua ambayo haikuwa na mwandiko wa Runar. Egwang aliisoma chini ya ukingo wa paa la jikoni, kwa miwani ya Nerima, midomo ikicheza. Ilitoka kwa Gunvor, aliyekuwa sasa mwanamke wa miaka ishirini na moja. Aliandika kwamba baba yake alifariki Agosti. Aliandika kwamba Storgrund inakwisha, kwa maana vijana wamehamia mijini, shule imefungwa, na mwaka mpya wilaya yao itaunganishwa na jirani yake na jina litafutwa. Kabla ya hapo wazee wametengeneza kitabu. Humo imeandikwa kila nyumba ya Storgrund tangu ile ya kwanza, nani alikuja, kutoka wapi, nani alizaliwa humo, na kila mmoja amelala wapi.

Ukurasa wa nyumba yao baba yake aliumaliza kitandani. Mbele ya jina la Siv alikuwa ameandika: *Malaba, ndani ya boma la rafiki yangu Egwang.*

"Kitabu kinakwenda kwa wapiga chapa mwanzo wa Desemba," Gunvor aliandika. "Naomba picha moja ya kaburi, iwekwe kwenye ukurasa huo. Na Januari nitamleta mama. Anataka kuliona mara moja kabla naye hajaondoka."

Egwang aliisoma mara ya pili. Halafu akarudi kwenye mstari mmoja tu, ule wenye jina lake. Jina lake ndani ya kitabu, kilichopigwa chapa, huko Ulaya! Mtu wa ngumbaru. Mtu ambaye mchwa walikuwa wameanza kula cheti chake. Na neno lenyewe lilikuwa la uongo, na uongo huo ulikuwa wake, tangu siku aliyomwambia Runar kwamba ukingoni ni mahali pa heshima.

Alikwenda kwa Olinga. Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu greda, lakini mtu akikosa mahali pa kwenda huenda kwa ndugu yake.

Olinga alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amezeeka, goti moja lilikuwa halikunji. "Jambo dogo hilo," alisema. "Rundika mawe pale karibu na mama. Weka msalaba. Mwite yule Dancan wa kamera pale stendi. Picha ikishaenda, nani atachimba? Wazungu hawachimbi makaburi."

"Na mama yake akija?"

"Atalia juu ya mawe. Machozi hayana macho, ndugu yangu."

Egwang aliona aibu, lakini aliona pia njia. Kesho yake asubuhi alianza kubeba mawe kutoka mtoni kwa wilibaro. Alikuwa amerundika mawe urefu wa mtoto wa miaka sita, bila kupima, mikono yake ikijua yenyewe, Nerima alipotoka kisimani na ndoo kichwani.

Nerima hakuitua ndoo. "Unamzika nani hapo?"

"Hakuna."

"Kama hakuna unayemzika, basi unamwita nani?"

Kila mtu wa pande hizi anajua kwamba kaburi tupu halikai tupu. Hungoja. Hata wachimbaji wakikosea mahali, shimo haliachwi hivi hivi. Hutiwa kitu, kisha hufukiwa.

Nerima akatua ndoo sasa. "Mjomba wangu alizama Sio Port, ukumbuke. Ziwa halikumtoa. Tulimngoja siku kumi na mbili. Halafu tulifanya nini?"

"Mlizika mgomba."

"Tulikata mgomba wa urefu wake, tukaufunga shuka, tukamtaja jina, tukazika. Tukalia. Mtu aliyepotea hurudi nyumbani namna hiyo. Kwa nini hukufanya hivyo siku ile uliporudi kutoka Moding?"

"Kwa sababu ningetakiwa kusema hayupo."

"Sasa sema."

"Nerima, nikisema, jina langu litaondolewa kwenye kile kitabu."

Mkewe hakusoma, miwani ile aliinunua kwa kushonea. "Mwanamume huyu," alisema taratibu. "Mtoto alikuwa anakupigia simu kwa gunzi la mahindi. 'Halo, halo, papa Egwang!' Nawe unalilia kitabu."

Egwang akakaa juu ya mawe na kulia waziwazi, mchana, na jirani aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka akaisukuma, kwa heshima.

Alikumbuka jambo ambalo Runar aliwahi kumwambia pale juu ya pete za saruji. Kanisani Storgrund kulikuwa na ubao wenye majina ya wawindaji wa sili waliochukuliwa na barafu, kwa kuwa hawakuwa na makaburi. Hakuna aliyewatengenezea makaburi ya uongo. Waliandikwa ubaoni kwamba walipotea, na kila mwaka majina yao yalisomwa.

Alimwendea tena Olinga, safari hii akiwa wima.

"Kaka, Jumamosi nazika mgomba wa Sivi. Ndani. Kando ya mama."

"Mgomba?" Olinga aliinua fimbo yake. "Mgomba ni wa mtu wetu! Kwa mtoto wa mzungu? Unataka tuchekwe hadi Amagoro?"

"Wacheke."

"Wazee walikataa."

"Wazee wote wamekufa, umebaki wewe. Na mwaka ule nilikuwa na mdomo nikaukunja. Mtoto wa watu akapotea kwa sababu ya mdomo wangu, si kwa sababu ya greda yako. Sikuombi ruhusa. Nakupa habari, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu."

Egwang akaondoka bila kungoja jibu.

Jumamosi tulikuja watu kama ishirini, wengi wao wanawake waliomkumbuka. Nerima alikata mgomba kwa panga, akaupima kwa mkono wake kutoka kiganja hadi bega mara mbili, akasema, "Alikuwa hivi." Akaufunga kanga ileile ambayo Sivi alibebea mwanasesere. Hatukujua kwamba alikuwa ameitunza. Egwang aliyatoa mawe yake ya uongo moja moja, akachimba mwenyewe, na shimo lake lilinyooka kuta kama kisima. Mgomba uliposhushwa alisema, "Siv, binti wa Runar na Elin, wa nyumba ya Storgrund, na wa nyumba hii. Tulikuweka nje. Ingia." Wanawake wakapiga kite.

Olinga hakuja. Alikaa mlangoni kwake, ametugeuzia mgongo. Lakini jioni, watu walipotawanyika, alipita akichechemea kana kwamba anafuata mbuzi.

"Mmelaza kichwa upande gani?" aliuliza.

"Upande wa mlango, kama mama."

"Ehe," alisema Olinga, akaenda zake.

Jumatatu, Egwang alimpeleka Dancan mpiga picha kwenye maegesho. Alisimama kando ya tela lenye turubai la buluu, pale ambapo kwa hesabu ya hatua zake kutoka kwenye kisiki cha babu ndipo kaburi lilipokuwa.

"Mzee, karibia lori kidogo. Ni lako?"

"Si langu."

"Basi cheka kidogo, picha ipendeze."

"Sichekeshwi na kitu hapa, kijana. Wewe piga."

"Sawa, lakini usikunje uso hivyo, boss. Watadhani umekamatwa na magendo."

Picha ilipotoka, uso ulikuwa umekunjwa. Egwang aliitazama akaona inafaa.

Barua aliiandika kwa siku mbili, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, bila kufuta. Alimwambia Gunvor kwamba anamlilia baba yake. Alimweleza habari za ua wa minyaa, na kwamba mahali pale hapakuwa pa heshima. Palikuwa mahali tunapowaweka watu ambao hatutaki kuwaita wetu, na yeye alilijua hilo siku ile ile. Alimweleza habari za greda, na mwaka ilipopita. Aliandika: "Barua tatu za mwisho nilizomwandikia baba yako zilikuwa uongo. Alikufa akiziamini. Hilo siwezi kulirekebisha, na sikuombi ulisamehe."

Kisha akaandika: "Katika kitabu usiweke *ndani ya boma la Egwang*. Lifute jina langu. Kama nafasi ni ndogo, andika tu: Malaba, chini ya barabara. Ndani ya boma sasa kuna mgomba uliofungwa nguo yake, tuliouzika kwa jina lake kama tunavyowafanyia watu wetu waliopotea majini. Si yeye. Lakini ni mahali pake. Mama yako akija, nitamwonyesha pote pawili. Asipotaka tena kuja, nitaelewa, na Nerima ataendelea kupalilia."

Mwisho aliandika maneno mawili ya Kiteso ambayo Runar alikuwa akiyasema kila jioni akikabidhi sururu: *Eyalama noi.* Ahsante sana.

Alikwenda posta ya Malaba kwa miguu, shati limepigwa pasi. Zilpa, mama wa dirishani, alimfahamu.

"Mzee Egwang! Mbona mapema mwaka huu? Bado ni Novemba."

"Kitabu hakingoji Desemba."

"Kitabu gani tena?" Zilpa aliipima bahasha mkononi. "Leo nzito. Kuna nini?"

"Picha."

"Ya maua?"

Zilpa akamrudishia bahasha ili aifunge. Aliinua hadi mdomoni, akapitisha ulimi, lakini ulimi ulikuwa mkavu kama moramu, na karatasi haikushika. Akajaribu tena.

"Lete, mzee," Zilpa alisema kwa sauti ya chini, akasukuma kikopo cha gundi chini ya kioo. "Tumia hii."

Alipaka gundi kutoka pembe hadi pembe, kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiziba maungio ya pete za saruji maji machafu yasipenye. Akakandamiza kwa kiganja. Akangoja ikauke. Zilpa akapiga muhuri mara mbili, na Egwang, badala ya kumwachia pale dirishani, akaomba aitumbukize mwenyewe. Alikwenda kwenye sanduku jekundu lililo nje, akaisukuma ndani, akaisikia ikianguka juu ya barua za watu wengine.